Namba Niliyoifuta Kwenye Ramani ya Bahari

Nilianza kuipigia bahari hesabu kabla sijawahi kuiona. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, katika chumba kimoja juu ya duka la vyuma mjini Nakuru. Aliyeniajiri alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama wa Kihindi aliyevaa sweta juu ya sari hata adhuhuri. Watafiti wa Nairobi walikuwa na kompyuta ya kutabiri hali ya bahari, lakini muda wa kuitumia ulikuwa haba. Kwa hiyo ramani ya kuanzia, ile ya joto la maji, tuliitayarisha sisi kwa mkono. Ikikosewa hiyo, utabiri wote unapotea.

Hesabu nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Sikuwa na cheti, na kila siku nilingoja kugunduliwa.

Njia ya Mwalimu niliipenda tangu mwanzo. Kwanza tulikisia: kwa ramani ya wiki jana, upepo na mikondo, maji ya kila mraba wa ramani yanapaswa kuwa na joto gani leo? Kisha tulichukua vipimo vya meli vilivyofika kwa teleksi, tukayasogeza makisio kuvielekea, bila kufika kabisa, maana hata baharia hukosea.

"Usiamini hesabu yako sana, usiamini meli sana," alizoea kusema. "Lakini zote mbili uzisikilize."

Wiki moja meli iliyopita karibu na pwani ya Somalia ilileta kipimo cha nyuzi joto kumi na tisa. Miraba yote ya jirani ilikuwa na ishirini na sita. Mistari niliyochora kuunganisha miraba yenye joto sawa ilikuwa imepinda vizuri sana, na namba ile ingeiharibu. Nikaifuta kwa raba. Karatasi ya teleksi nikaitupa kwenye kikapu.

Mwenzangu, kijana wa Elburgon aliyezungusha mashine ya hesabu, akachungulia. "Ala! Bahari yako umeipiga pasi?"

"Wivu tu," nikamjibu.

Asubuhi ya kutuma ramani, basi lilituletea picha mbili za setilaiti, zilizopigwa siku mbili tofauti. Kwenye picha hizo kitu baridi huonekana cheupe, mawingu pia. Mwalimu akaziweka sambamba dirishani. Mawingu yalikuwa yamehama. Doa moja jeupe, lililoshikamana na pwani ya Somalia, lilikuwa palepale.

"Hayo si mawingu," akasema, uso umechangamka. "Ni maji baridi yanapanda kutoka chini. Kwani hakuna meli ilipita hapa?"

Ningesema hapana, hakuna ambaye angejua.

"Ilipita, Mwalimu. Ilisema kumi na tisa. Nilifuta."

Kijana akaacha mashine, akageuka kututazama.

"Kumi na tisa kamili?"

"Nadhani kulikuwa na nukta na namba nyingine mbele yake."

"Karatasi iko wapi?"

Kijana akakohoa. "Mwalimu, za kikapuni zote nimewashia jiko la chai."

Hakunifokea. "Basi namba hiyo hatuiweki. Kumbukumbu yako si kipimo."

Picha ilionyesha mahali penye baridi, si kiasi chake, kwa hiyo tuliyasogeza makisio kidogo tu. Tulirudia miraba arobaini, mashine ikilia mpaka saa saba na nusu. Kisha akaniambia niandike pembeni kwamba kipimo cha meli kilifutwa na mpiga hesabu.

"Niandike kilipotea?"

"Kilipotea chenyewe?"

Akanituma kwenye droo ya meza yake nichukue bahasha. Chini yake kulikuwa na nakala za ramani zake za zamani. Pembezoni, kwa mwandiko wake na kwa wino: hapa nilijumlisha vibaya; hapa niliruka meli mbili; mraba huu niliukisia, usiaminiwe. Alikuwa amewatumia watafiti makosa yake yote, miaka yote, na bado ni yeye waliyemtegemea. Mimi nilikuwa nikirudia ukurasa mzima kwa sababu ya tone moja la wino.

Nikaandika *kilifutwa*, nikatia sahihi yangu kamili, nikakimbilia basi la saa nane.