Papa mukubwa alitaka kaseti ya boogie-woogie izikwe na papa, nikagoma

Wakuu, salaam kutoka Kisangani. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Wa kubisha abishe.

Papa yangu alikuwa mpiga piano. Enzi zile, kwenye baa ya hoteli moja hapa mjini karibu na mto, alipiga boogie-woogie.

Kwa wasioijua: mkono wa kushoto unarudia besi ileile mbio mbio bila kuchoka, wa kulia unajichezea juu yake. Hata ukiwa na homa mguu wako hautulii.

Rekodi iliyobaki ni moja tu, kaseti. Piano yenyewe ilishaliwa na mchwa. Kaseti ikipotea, ndiyo basi tena, hakuna nyingine duniani.

Papa akafariki. Tukiwa matangani, papa mukubwa, yaani kaka yake kutoka Isangi, akasimama mbele ya ndugu wote.

"Bon, kofia yake, viatu yake na ile kaseti, yote inaingia mu sanduku. Aliipenda, aende nayo. Ile iko muziki ya bar, haiwezi kubakia mu nyumba ya bakristo."

Kofia sawa. Viatu sawa. Kaseti?

Nikasema hapana. Wakuu, mtoto wa kike kumwambia papa mukubwa hapana, tena msibani! Mashangazi wakashika vichwa. Mmoja akanivuta kitenge nikae, sikukaa. Kaseti nilikuwa nimeshaificha kifuani. Nikawaambia anayeitaka aje aitoe mwenyewe.

Hakuja mtu.

Papa mukubwa akamgeukia mama. "Mama Aline, ongea na mutoto yako." Aline ndiye mimi.

Kwetu mjane anakaa chini mkekani, kimya, wengine ndio wanaongea. Mama hata sauti hakuipandisha.

"Ile mukono ya kushoto mu kaseti njo yangu. Tulikuwa tunapiga wawili, piano moja. Yeye njo alikufa. Alors, munataka kunizika muzima?"

Miaka yote hiyo tuliiita piano ya papa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza. Nililia kwa msiba, na kwa hasira pia.

Tukamzika papa na kofia na viatu. Tuliporudi, mama akasema niweke kaseti. Nikaiweka kwenye redio, watu wakiwa wanakula. Papa mukubwa akatoka nje mpaka ikaisha.

Nilichojifunza: rekodi adimu mnazozitafuta kwa Wazungu zimelala kwenye makabati ya wazazi wenu. Toeni copy sasa, na waulizeni walio hai nani anapiga nini. Yangu iko kwenye simu na kwenye flash. Kuna ndugu hawanisalimii hadi leo. Wasinisalimie.

Wenye kanda za wazee, leteni stori zenu hapa.

Na mnaosema nimevunja mila, karibuni nyumbani. Mtamkuta mama mezani anasubiri chai ichemke, vidole vya kushoto vinapiga ile besi. Mwambieni yeye.