Mama Yake Mama Alikuwa na Miaka Mitano

Mwavuli uliolowa, ukiachwa wazi ndani ya bafu ukauke, una harufu yake. Ni harufu ya chuma, na vumbi lililonyeshewa, na kidogo ya mbwa wa jirani. Juzi niliingia bafuni kupiga mswaki nikaikuta imejaa humo, maana mume wangu alikuwa ameuacha wake ukichuruzika, na hapohapo roho ikaniuma, palepale inaponiuma tangu zamani. Mtu mzima mimi, na bado nina wivu na mtoto wa miaka mitano. Msinicheke kwanza, ngojeni niwaeleze.

Ilikuwa likizo ya Pasaka ya mwaka 2005, nina miaka tisa. Tulikaa ghorofa ya tatu, nyuma kidogo ya barabara ya Chaussée de Wavre, hapa Brussels, juu ya duka la samaki wa chumvi. Papa alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari kule Forest. Mama alisafisha ofisi: alitoka kabla sijaamka, akarudi mchana, jioni akatoka tena. Mama yangu nilimpata vipande vipande. Kwa hiyo aliponiahidi, tangu Noeli, kwamba Pasaka ataomba ruhusa kazini, "quinze jours, siye babili tu, tutatembea mpaka uchoke", nilianza kuchora misalaba nyuma ya daftari la hesabu. Kila siku iliyopita, msalaba mmoja. Siku kumi na tano za mama mzima, peke yangu.

Bon. Siku ya kwanza ya likizo, saa tatu asubuhi, mlango ukagongwa. Alikuwa tantine Odette, mdogo wake mama, na binti yake Sifa. Walikuwa wamefika kutoka Bukavu miezi michache nyuma, wanakaa Liège wakisubiri karatasi za kumfuata mume wake tantine huko Kanada. Sasa tantine alikuwa amepata kazi ya kumwangalia mzee mmoja mgonjwa, shule zimefungwa, mtoto hana wa kubaki naye. Mimi nilikuwa tayari nimevaa viatu. Nikamwona mama anapiga goti pale kizingitini, anamshika Sifa mikono yote miwili.

"Mama," akasema, "karibu. Ulifika muzuri?"

Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, anapewa na heshima yake. Sifa lilikuwa jina la koko, bibi yangu mzaa mama, aliyefariki Bukavu mwaka mmoja kabla mtoto huyu hajazaliwa. Kwa hiyo kwa mama yangu, kile kitoto chenye kamasi na soksi zisizofanana kilikuwa mama. Desturi hiyo niliijua. Kanisani kwetu kulikuwa na mtoto mchanga ambaye wazee wote walimwita papa, na nilikuwa nacheka kama wengine. Lakini haikuwa imewahi kuja kulala kitandani kwangu.

Na papa naye. Kama Sifa ni mama wa mke wake, basi ni mama mkwe, na mkwe haonwi ovyoovyo. Papa aliyezoea kunywa chai na singleti asubuhi, alianza kutoka chumbani na shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Sifa akikaa kwenye kochi, papa anahamia kiti cha mbao. Alifanya kwa utani, lakini alifanya. Jumapili kuku alipopikwa, firigisi, ambayo tangu nizaliwe ilikuwa ya papa, yeye mwenyewe aliisukuma kwa uma mpaka sahani ya Sifa. "Mama mukwe kwanza," akasema. Sifa akaitafuna, akaitema.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nilimpa Sifa ufagio. Mama akaunyang'anya mkononi mwake kama vile nimempa mtoto kisu, akaufagia ukumbi yeye mwenyewe.

Kutembea tulitembea, ahadi ni ahadi. Lakini mwezi wa nne wa huku hauna neno moja. Unatoka nyumbani jua linawaka, umevua koti, ukifika kona mvua. Unafungua mwavuli, jua. Unaufunga, upepo unakuja na vipande vya barafu. Mama alituvalisha sweta tatu tatu, akabeba mayai ya kuchemsha, beignets, yale maandazi ya kwetu, na thermosi ya chai, na mwavuli mmoja mkubwa wa bluu alioununua Matonge, kwenye maduka ya Wakongo. Mwavuli huo ulikuwa na nafasi ya watu wawili. Tulikwenda bustani ya Cinquantenaire, tulikwenda msituni, tulikwenda kuona bata kwenye maziwa ya Ixelles, na kila mvua iliponyesha ilikuwa vilevile: mama na mama yake chini ya mwavuli wanakwenda taratibu, na mimi nyuma na kofia ya koti la plastiki, maji yananiingia shingoni. "Wewe uko mukubwa," mama aliniambia. Mukubwa! Mtu anamwita mtoto wa miaka mitano mama, halafu mkubwa ni mimi.

Nilichukia namna alivyomwongelesha. Sauti hiyo sikuwa nimewahi kuisikia, laini, kama ya mtoto anayeomba kitu. "Mama, unasikia baridi? Mama, tupumuzike?" Mimi aliniambia vaa, kula, harakisha.

Siku ya kumi tulikwenda baharini, Ostende, kwa treni. Kondakta alipita, akauliza umri wa watoto. Mama akanionyesha mimi, tisa. Kisha akaweka mkono kichwani kwa Sifa na kusema, kwa Kifaransa safi kabisa, "Na mama ana miaka mitano." Kondakta akamtazama Sifa, akamtazama mama, akatoboa tiketi. "Amejitunza vizuri," akasema. Watu wakacheka, mama akacheka mpaka machozi, hata Sifa akacheka bila kujua anacheka nini. Mimi nilitazama ng'ombe dirishani.

Ufukweni jua lilikuwa linawaka, na upepo wa kumtoa mtu sweta. Mama alitaka kutununulia frites, chipsi za huku. Akanipa mwavuli, akanipa mkono wa Sifa. "Utamushika koko vizuri. Musitoke hapa. Nakuya."

Alipogeuka tu, mvua ya mawe ikaanza. Ilipiga mchanga, ilipiga vichwa vyetu. Nilipambana na mwavuli mpaka ukafunguka, na nikasimama chini yake peke yangu. Mkono wa Sifa nilikuwa nimeuachia. Alisogea aingie, nami nikasogea mbali. Akasogea tena. Akaanza kulia, akiita mama, mama, na sijui alimwita wake au wangu.

"Acha kulia," nikamwambia. "Si uko mama? Mama halii. Koko alikufa. Alikufa, bakamuzika, iliisha. Wewe hauko koko. Uko mutoto tu, na ile ni mama yangu."

Nilipoinua macho mama alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, ameshika frites mkono huu na mkono huu, na mawe yanaangukia ndani yake. Nilingoja kofi. Nilijikunja kabisa kulipokea. Hakunipiga.

"Miye sikumuzika," akasema.

Alisema polepole, tena bila kunitazama. Nilidhani anajitetea, kama mtu aliyesingiziwa kitu. Nikajiuliza, nani kasema wewe ndiye uliyemzika?

Aliziweka frites juu ya benchi, akazisahau hapo, shakwe wakazila. Akatoa kitenge ndani ya mkoba, akambeba Sifa mgongoni. Kisha akaniambia niinue mwavuli niwafunike. Nilitembea hivyo mpaka stesheni, mikono miwili juu, nimelowa mimi, huku Sifa amelala shavu limebanwa mgongoni kwa mama.

Kesho yake, mezani, mama alisema, "Sifa, kunywa chai yako." Sifa. Papa akasimamisha kikombe mdomoni, akamtazama. Asubuhi iliyofuata alitoka chumbani na singleti. Mara ya kwanza mvua iliponyesha tena, mama aliniita chini ya mwavuli, na Sifa akavaa koti langu la plastiki. Nilikuwa nimeshinda. Nilitembea nimemshika mama kiuno, na yeye alitembea haraka, kama anakwenda kazini. Sikujua kwa nini sikufurahi. Siku ya kumi na tano tantine alikuja kumchukua mtoto wake, na kabla ya majira ya joto walikuwa wamekwenda Kanada.

Miaka ilipita. Nilikuwa tayari chuoni nilipomkuta mama jikoni siku moja ya mwezi wa nne, anamenya ndizi. Mvua ilikuwa imenipiga njia nzima. Niliutandaza mwavuli bafuni, nikarudi kukaa naye, na sijui ni kitu gani kilinifungua mdomo. Nikamuuliza kwa nini hakumzika koko.

Akaniambia. Koko alipofariki, mama alikuwa Brussels anasubiri karatasi zake za ukaaji. Akitoka, harudi. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Alisikiliza maziko kwenye simu, dada yake ameishika simu hewani karibu na kaburi, mpaka kadi ikaisha katikati ya wimbo. Hakumwosha, hakumfunika, hakumshika mkono. Kwa miaka hakuwa na mtu wa kumwita neno hilo, mpaka mlango ulipogongwa.

"Nilikuwa na wivu, mama," nikasema. "Nilikionea wivu kitoto kile."

"Nilijua." Aliendelea kumenya. "Lakini wewe, wako alikuwa mu nyumba. Ata kama alichoka, ata kama alikuwa na hasira, alikuwa. Miye, Mungu alinirudishia wangu quinze jours." Akaweka ndizi sufuriani, akachukua nyingine. "Nilikula dix. Kumi tu."

Hakusema kwa ubaya. Aliniomba nimpitishie chumvi. Nilimpa, kisha nikaenda bafuni kuangalia kama mwavuli umekauka, nikasimama pale mbele yake muda mrefu. Ulikuwa bado.