Mbegu ya Mtindi

Mke wangu aliniachia vitu viwili vya kulisha kila siku: kuku na kibuyu cha mtindi. Kuku nilikuwa nawajua. Mtindi sijawahi kuupenda tangu nizaliwe. Ukiniletea glasi ya mtindi naona umenikosea adabu.

Yeye mtindi huo alikuwa anawapa kuku. Alikwenda kwenye semina ya bwana mifugo hapa Kibamba, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, akarudi na maneno mapya. Eti tumboni mwa kuku kuna wadudu wazuri na wadudu wabaya, na antibayotiki tunazomwaga kwenye maji kila kuku anapopiga chafya zinaua wote, mpaka wale wabaya wanazizoea na dawa haifanyi kitu tena. Dukani kulikuwa na chupa za hao wadudu wazuri, zinaitwa probayotiki. Yeye akasema kwao bara wanawajua siku nyingi, wanakaa kwenye kibuyu. Tangu hapo kila asubuhi akawa anachanganya mtindi kidogo kwenye maji ya vifaranga.

Nilimcheka. Nilimwambia kuku wake kesho watadai na vitumbua. Mimi imani yangu ilikuwa kwenye pakiti ya antibayotiki: unga wa njano, kijiko kimoja, siku tano, basi. Kwa hiyo akienda kanisani nilichukua jagi lake la plastiki la kupokelea maziwa, nikakoroga dawa, nikawapa vifaranga, nikalisuuza na kulirudisha msumarini. Vifaranga walipokua vizuri nilijisifu kimoyomoyo.

Alifariki mwaka juzi. Watoto wako mbali. Wakipiga simu wanauliza kuku wanaendeleaje, na mimi nawajibu kuhusu kuku. Nyumba ilipoa mpaka nikawa nafurahi majogoo wakigombana. Kila baada ya siku mbili nilinunua maziwa, nikayamimina juu ya mtindi kidogo uliobaki chini ya kibuyu, kama alivyokuwa akifanya yeye. Huo mtindi wa chini ndio mbegu. Aliwahi kuniambia mbegu ile alipewa na mama yake, ikaja kwa basi tulipooana, imefungwa kwenye kanga. Nilijiambia kwamba maadamu maziwa yanaganda mle ndani, ipo kazi yake moja ambayo haijasimama. Sikuwa na kingine chake kilicho hai.

Ndipo vifaranga wapya wakaanza kuharisha. Nikaogopa, na mazoea yana taabu. Nikachukua jagi, nikakoroga unga wa njano. Jioni nikapokea maziwa kwa jagi lilelile, nikayamimina kwenye kibuyu.

Siku ya kwanza hayakuganda. Ya pili pia. Siku ya tatu yakanuka uozo, na hapo nikaelewa nilichofanya: dawa iliyobaki kwenye jagi ilikuwa imewaua wadudu wake wote. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, mtu mzima na miwani yangu, nalilia maziwa.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa mama mmoja aliyekuwa akiimba kwaya na mke wangu. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu msiba. Aliniamkia, akanipa kiti, nikamweleza kwamba nimeua mbegu ya marehemu. Nilitegemea pole. Yeye akatabasamu.

"Mzee, mbegu hiyo ilikuwa inakufaga kila mara. Mwenzio alikuwa anakujaga hapa kuchukua nyingine. Na mie yangu ikifa, nilikuwa naenda kwenu."

Nikasema haiwezekani, ile ilitoka kwa mama yake.

"Ya mama yake ilikufa zamani. Alisema unakorogea dawa kwenye jagi lake, halafu unalirudisha msumarini unadhani hajui."

Nikamuuliza kwa nini mke wangu hakuniambia.

"Alisema akikwambia utaacha, na yeye atakosa sababu ya kuja kukaa hapa."

Nilidhani upweke uliingia nyumbani kwangu siku tuliyomzika. Kumbe ulikuwemo siku zote, mimi nikiwa sebuleni nasikiliza taarifa ya habari. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Yule mama alinipa mbegu kwenye kopo la siagi. Sisemi mtindi ni mganga. Vifaranga kadhaa niliwazika, na bwana mifugo alinigombeza zaidi kwa maranda yaliyolowa bandani. Lakini nilinunua jagi jingine la maziwa, na pakiti za njano sinunui tena mpaka yeye mwenyewe awapime kuku na aniambie.

Juma lililofuata nilikwenda tena nyumba ya tatu na kopo langu, nikaomba mbegu. Ile ya kwanza ilikuwa haijafa.