Waliponiuliza kwa Nini Wanichukue Mimi

Siku ile ya Iringa naikumbuka mpaka leo, mwanangu, hata sketi niliyovaa. Ilikuwa ya bluu, ya binti wa jirani yetu, nami nilikuwa nimeibana kiunoni kwa pini kwa sababu mwenyewe alikuwa mnene kuliko mimi. Nilitoka nyumbani Kilolo alfajiri, kwenye baridi yetu ile ya mwezi wa saba, nikafika mjini meno bado yanagongana. Kiwanda kimoja cha maziwa kilikuwa kinatafuta mtunza stoo. Cheti cha kazi hiyo nilikuwa nacho, mama alinisomesha kwa kulima vibarua, na tangu nimalize chuo kilikuwa kimelala tu ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati.

Kaka yangu Daudi ndiye aliyenifundisha cha kusema. Yeye alikuwa na stashahada ya uhasibu, na usaili alikuwa ameshafanya mwingi hadi akaacha kuwaambia watu nyumbani anakokwenda. Jana yake alikaa karibu nami jikoni akaniambia, "Eda, wakikuuliza kwa nini wakuchukue, usijidai kujua sana. Waeleze hali ya nyumbani. Na wao ni binadamu." Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo tulivyokuwa tunafikiri wote, kwamba kazi ni msaada, na msaada anapewa mwenye shida.

Basi nikaingia. Kulikuwa na kijana wa tai, mama mmoja wa utumishi, na mzee wa makamo aliyeitwa Mzee Kihwele, msimamizi wa uzalishaji. Wakaniuliza jina, wakaniuliza nilikosoma. Kisha yule mama akaweka kalamu chini. "Haya, Eda. Kwa nini tukuajiri wewe na si wale waliokaa nje?"

Mwanangu, nilifunguka. Nikawaambia baba ameshafariki. Nikawaambia mama miguu inamvimba na bado anapanda ule mlima kwenda shamba. Nikataja wadogo zangu mmoja mmoja na madarasa yao. Nikasema, "Nikikosa kazi hii sijui tutakula nini." Machozi yakanitoka. Mama wa utumishi akanipa karatasi laini nijifute, na macho yake nayo yalikuwa mekundu. Wakanipa pole. Wakasema watanipigia.

Nilitoka pale mwepesi. Nilijiambia, yule mama amelia, ataachaje kunichukua? Nikashuka sokoni kutafuta gari la kurudi, huku tayari nawaza nitakavyomtoa mama shambani.

Hawakupiga. Simu yetu ilikuwa moja, ya Daudi, na ikilia wote tulikuwa tunanyamaza. Mwisho nikashindwa kuvumilia, nikarudi mwenyewe hadi kiwandani. Mlinzi akanizuia getini. Nilikuwa nimesimama pale kama niliyepotea ndipo Mzee Kihwele akatoka kwenda kula.

"Kamwene, binti," akanisalimia kwa Kihehe. Nikaitikia. Akaniangalia akanijua. "Wewe ni yule uliyelia."

Nikamwambia ndiyo. Nikamuuliza kama nafasi bado ipo. Akasema ilishajazwa. Sijui uso wangu ulikuwaje, maana hakuondoka. Alinivuta pembeni, kwenye kivuli cha ukuta, akanisema kama anavyomsema binti yake.

"Tulikuuliza habari za stoo yetu, ukatupa habari za nyumbani kwenu. Unadhani wale wa kwenye benchi hawana mama mgonjwa? Kila aliyeingia ana wadogo wanaosoma. Tungeajiri kwa shida, tungewachukua wote, na kiwanda kingefungwa. Haya, niambie sasa. Mzigo wa chupa umeingia leo, na wa zamani bado upo ndani. Utafanyaje?"

"Wa zamani nausogeza mlangoni utoke kwanza," nikasema. "Mpya unakaa nyuma. Na siweki kitu chini bila mbao, sakafu ina unyevu."

"Umejifunzia wapi?"

"Stoo ya ushirika, wakati wa mazoezi ya chuo. Mbegu zilikuwa zinaoza, nikazipanga upya."

Akavua kofia akaivaa tena. "Sasa kwa nini hukulisema?"

Ni kweli nilikuwa nalijua. Nilikaa mbele yao na jambo walilokuwa wanalitafuta likiwa kichwani mwangu, nikawapa machozi. Akanishika bega, akaniambia, "Pole, mwanangu. Siku nyingine usituombe. Tuonyeshe." Akaenda zake.

Nilimweleza Daudi maneno yale jioni hiyo. Hakuyapenda. "Hayo ni maneno ya kumfukuzia mtu," akasema. "Walikuwa na mtu wao." Huenda ni kweli pia. Mimi sikufichi, mwanangu, kuna milango inafunguliwa kwa sababu ambazo hutazijua kamwe. Ila Daudi alikuwa amefika mahali ambapo kila mlango aliuona hivyo. Wiki hiyohiyo alifunga begi lake, akasema amechoka kuulizwa kwa nini. Akapanda basi la Mbeya, kutoka Mbeya akaenda Chunya, akaishia Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa na kichwa kuliko sisi wote pale nyumbani. Mama alikaa kizingitini akimwangalia anavyoshuka, na hakumzuia, kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa.

Baada ya muda nikaitwa kwenye usaili Mbeya, upande wa Mbalizi, kwa mfanyabiashara mmoja mkubwa wa pembejeo za kilimo. Safari hii nilikwenda kwanza nikapita mbele ya duka, nikaona mifuko ya mbolea imelundikwa ukutani panapovuja. Waliponiuliza lile swali nikajibu kwa utulivu. Nikawaambia ninachojua, mahali nilipokifanya, na kilichotokea baada ya kukifanya. Nikawaambia mbolea yao italowa masika ikianza, na ningeihamishia wapi. Wakaniuliza kompyuta, nikasema najua kidogo, nitajifunza. Sikusema neno moja la nyumbani. Walitikisa vichwa kwa kukubali, wakatazamana. Nilitoka nikijua nimejibu.

Wakachukua mwingine. Walikuwa waungwana, walinipigia kwenye simu ya jirani. "Ulikuwa wa pili," wakasema, "mwenzako kompyuta anaijua vizuri." Acha nikwambie, kujibu vibaya na kukosa kunauma, lakini unakuwa na cha kulaumu. Kujibu vizuri na kukosa ni giza jingine. Nililala chali kitandani nikaona hakuna nilichobakiza.

Nilimpigia Daudi kwa simu ileile ya jirani. Nikamweleza yote, nikamsimulia tena maneno ya Mzee Kihwele. Akacheka kile kicheko chake. "Mdogo wangu, huku hakuna anayekuuliza kwa nini wewe. Unapewa kamba, unashuka."

Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyoisikia. Masika ile kifusi kiliwafunika shimoni.

Wenzake walimleta nyumbani, tukamzika karibu na baba. Baada ya mazishi kijana mmoja aliyekuwa akilala naye kambi moja alinikabidhi begi lake. Juu kabisa kulikuwa na shati jeupe, limekunjwa vizuri, limenyooshwa. Nikamuuliza la nini huko machimboni.

"Alikuwa ameitwa usaili, dada," akasema. "Kazi ya karani, Chunya mjini. Ulikuwa ufanyike wiki hii. Jioni tulipomaliza kula alikuwa anatukalisha sisi tuwe wakubwa wa ofisi, tunamuuliza. Kwa nini tukuajiri wewe? Naye anajibu. Alisema aliyemfundisha ni dada yake."

Nikamuuliza, "Alijibuje?"

Yule kijana akainama, akalia mbele yangu bila haya. "Dada, mimi ningempa kazi."

Mwanangu, sina namna ya kulifanya hilo liwe jepesi. Miaka imepita, sijapata. Yule waliyemchukua Mbalizi badala yangu aliolewa akahama, wakanipigia mimi, nikaingia kwenye ile stoo na ndimo nilimozeekea. Siku waliponipigia sikushangilia. Nilikaa chini nikatazama simu, maana wa kumpigia hakuwepo.

Sasa na wewe unakwenda kukaa kwenye kiti kile. Watakuuliza, na swali lenyewe litakuumiza, kwa sababu unajua jinsi unavyohitaji. Shida yako ni ya kweli, usiionee aibu, ila iache kwangu, nitakutunzia. Wao wanataka kujua ukiingia kesho asubuhi utashika nini na kitakuwaje kizuri. Kaulize kabla kazi yao inawauma wapi. Taja ulichowahi kufanya kwa mikono yako, hata kama ni kidogo, hata kama ni cha shuleni au cha kanisani. Usichokijua sema hukijui. Na ukikosa, usijiambie kwamba wewe si kitu. Mara nyingine umejibu sawasawa na bado wamechukua mwingine, ndivyo dunia yetu ilivyo. Lia, kisha urudi. Na usiache kunipigia, hata ukiwa na aibu. Hata siku ukiamua kushuka shimoni, nipigie kwanza.

Mungu atangulie mbele yako mlangoni, aulegeze ulimi wako, awape wanaokusikiliza moyo wa haki. Wakikukubali, ufanye kazi uzeeke nayo. Wakikukataa, akurudishe nyumbani ukiwa mzima.