Nusu ya Kizingiti

Kwa miaka kumi na tisa Kadenge na Ngumbao walichonga milango katika karakana moja ya mtaa wa Kuze, na utaratibu wao haukubadilika. Kadenge alichukua mwimo wa kushoto, ile nguzo ya pembeni ya mlango, Ngumbao wa kulia. Wakimaliza miimo walikikalia kizingiti cha juu, kila mtu upande wake, wakaja wakikaribiana siku baada ya siku hadi magoti yao yakagusana. Ua la katikati waligawana: nusu huyu, nusu yule. Aliyetangulia kufika alimngoja mwenzake, na hapo ndipo maneno yalipokuwa mengi.

"Wachonga au wabembeleza, bwana?" Kadenge alizoea kumuuliza.

"Mwenye haraka ni kuku, kaka, na sijaona nakshi ya kuku."

Walicheka hayo kwa hayo, mlango baada ya mlango, mahamri na mbaazi zikipoa dirishani.

Mwaka huu, baada ya Ramadhani, Ngumbao alipandia basi la Nairobi pale Mwembe Tayari, na kesho yake akaruka kwenda Maskati kwa mkataba wa miaka miwili. Aliuacha mlango wa Bi Mwanashee, mteja wao, umebakiza kizingiti tu. Kadenge alimaliza upande wake, akachonga na nusu yake ya ua, kisha akaweka patasi chini.

Miezi mitatu ikapita. Kadenge akiulizwa, mara mbao haijakauka vizuri, mara mgongo wamuuma. Ukweli aliujua moyoni: siku atakayoigusa ile nusu ya mwenzake, atakuwa amekiri kwamba Ngumbao harudi.

Bi Mwanashee akachoka. "Kadenge mwanangu, waashi waja Ijumaa. Usiponipa mlango wangu, nitanunua wa Kichina, na Mungu anisamehe."

Alasiri ile Kadenge alimpigia simu Ngumbao.

"Kaka! Shikamoo!"

"Marahaba. Maskati yasemaje?"

"Yasema joto. Mshahara wa mwezi mmoja hapa, huko ningeutafuta miezi mitano. Lakini patasi sijaishika. Nakaa kwenye mashine, nabonyeza, mlango watoka kabla ya adhuhuri."

"Basi huko mfanyakazi ni kidole."

"Kidole kimoja, kaka, na Wabangladeshi kumi wakingojea nafasi yake kwa nusu ya mshahara. Rafiki yangu mmoja amekwenda Poland. Asema vijana wa kule wamehamia Ujerumani, kwa hiyo mikono yatakiwa. Ujerumani kwenyewe wataka lugha kwanza."

"Na Uchina?"

"Uchina haimwiti mtu. Yaleta milango."

Kadenge alicheka kidogo. "Mimi sikuulizi habari za dunia, Ngumbao. Nakuuliza, warudi lini?"



"Yule wa Poland aniulizia kazi kule," alisema Ngumbao. "Malizia, kaka. Umalizie mlango wa watu."

Kesho yake asubuhi Kadenge alihamishia kigoda chake upande wa kulia. Mwanzoni alijaribu kuuiga mkono wa Ngumbao, yale majani yake membamba yaliyoinama kama yanasikiliza. Mkono ukakataa. Majani yalitoka mapana, yamesimama wima, ya Kadenge mwenyewe, akayaacha hivyo. Siku ya tatu aliifikia nusu ya ua. Kwa mazoea aliinua uso ili aseme neno la kejeli, akaona ukuta. Akainama tena, akamaliza.

Ijumaa, kabla waashi hawajakiinua kizingiti, Bi Mwanashee alipapasa mwimo wa kulia kwa kiganja, akaingia kwenye kizingiti, polepole. Kidole chake kikasimama.

"Hapa mkono umebadilika."

"Naam, Bi. Pale mwimo ulipoishia ndipo mwenzangu aliposafiri." Kadenge alijifuta vumbi usoni. "Ukitaka nitachonga kingine. Kwa hiki sitakudai kitu."

Bi Mwanashee alikipapasa tena kizingiti, kwenda na kurudi.

"Kiache," alisema. "Wanangu wawili wako Toronto mwaka wa sita sasa, na mpaka leo jikoni mkono wangu wapima mchele wa watu watano, kama walipokuwapo. Haya, waite waashi."