Mkono wa Kuaga

Yule mama anayehudumia vyumba vya juu kwenye nyumba ya wageni ya chemchemi ya maji moto hafungui mlango akiwa wima hata siku moja. Anapiga magoti kwanza, ndio ausukume kando kwa vidole vyake vyekundu. Micheri ikichanua analeta chai, jua likikaba analeta tikiti, majani yakiwa mekundu analeta uyoga, na viatu vya wageni kashavigeuza zamani, ncha zinatazama nje. Ila kinachomsumbua Kihachi, mgeni wa kila msimu, ni mkono wa yule mama wa kuaga. Unapunga mpaka basi lipotee konani. Safari tatu kakodoa macho dirishani, haujashuka.

“Leo na theluji hii lazima aushushe,” alimwambia mkewe, Fusae. “Atakayeshindwa anamkanda mwenzake mabega mwaka mzima.”

“Haya baba, andaa vidole.”

Honi ya basi ikamkuta chooni. Akachomoka mbio, akarukia basi, akabandika pua kwenye kioo cha nyuma.

“Umeshuka! Fusae, mkono umeshuka!”

Kweli, maana yule mama alikuwa anakimbilia basi na viatu mkononi. Kihachi akatazama miguu yake: kavaa ndala za choo! Basi zima likaangua kicheko, dereva akasimama. Yule mama akafika anahema, akapiga magoti kwenye theluji, akapanga viatu mlangoni, ncha nje.

“Samahani sana bwana, nimewachelewesha.”

“Nimeshinda lakini!” Kihachi alisema basi lilipoondoka.

“Haukuchoka, ulishuka kubeba viatu vyako,” Fusae akamjibu. “Anza bega la kushoto.”

Akaanza kukanda, jicho dirishani. Mpaka konani ule mkono ulikuwa juu, unapunga ndala za choo.