Wiki Ambayo Binti Yangu Alimmiliki Rafiki Yake

Binti yangu alirudi kutoka shule mikono mitupu.

Begi lake lilikuwa kwa mtoto mwingine.

Huyo mwingine alikuwa na mabegi mawili, moja mgongoni, moja kifuani, jasho linamtiririka kama mpagazi wa stendi. Alipofika mlangoni kwangu akasimama. Hakuingia.

"Ingia mwanangu, vua viatu."

Akamtazama binti yangu kwanza. Binti yangu akaitikia kwa kichwa. Ndipo akaingia.

Jamani, mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu. Mtu akileta shati tu, kola inanieleza kama amelala vizuri au la. Lakini siku ile nilikodoa macho na sikuelewa kitu.

Maana hawa wawili ni chanda na pete. Wangu namwita Kipusa, ana miaka tisa. Mwenzake mtaa mzima unamwita Kicheko, kwa sababu anacheka hata mtu akipiga chafya. Mama yake ni nesi wa zamu, kwa hiyo mtoto akitoka shule anashinda kwangu mpaka mama atoke kazini. Wanakaa dawati moja, wanakula sahani moja, na wakigombana hata chai haijapoa wameshapatana.

Nikawawekea chai na mkate. Kipusa akakaa. Kicheko akasimama nyuma ya kiti chake.

"Na wewe kaa basi."

"Siruhusiwi, Mama Kipusa."

"Na nani?"

Akamwonyesha mwenzake kwa kidevu. "Mimi ni wake mpaka Ijumaa. Amenunua."

"Amenunua nini?"

"Amenunua mimi."

Nikacheka, nikijua ni utani wao. Kicheko hakucheka.

Mara nikasikia harufu ya kuungua. Pasi nilikuwa nimeisahau juu ya shati jeupe la mteja.

Habari yenyewe niliitoa kwao kidogo kidogo. Mwalimu wa historia alikuwa anawafundisha utumwa, akaona kitabu hakiwaingii kichwani. Akawaokotesha vikaratasi. Aliyepata chenye nukta akawa mtumwa, wengine wakapewa vizibo vya soda wakanunue. Mnada ukafanyika pale pale mbele ya ubao. Kipusa alitoa vizibo vyake vyote kwa ajili ya Kicheko.

"Mwalimu kasema tusiseme nyumbani," Kicheko akaongeza. "Wazazi mtakuja kuona wenyewe Ijumaa."

Nikamgeukia binti yangu. "Haya, mchezo umeisha. Mwambie mwenzio akae anywe chai."

"Siwezi, mama."

"Huwezi vipi? Si umemnunua wewe?"

Kipusa akachungulia dirishani. Kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake.

"Kicheko! Nifute viatu!"

Na mtoto wa watu akapiga magoti, akafuta.

Nilimshika Kipusa sikio mpaka chumbani. Nikamuuliza roho hiyo kaitoa wapi, mbona si ya kwetu. Analia tu, hasemi. Nikampigia baba yake, ni dereva wa malori, yuko safarini.

"Mama Kipusa, hao ni watoto, watasahau," akasema. "Ukijiingiza wataanza kusema una kiherehere."

Kesho yake nikaenda shule na kiherehere changu.

Ningekuta mtu katili ningejua pa kuanzia. Mwalimu yule ni kijana mpole. Nguo zake napiga pasi mimi, na ndiye mteja wangu pekee anayekunja nguo chafu vizuri kabla ya kuzileta.

"Mama Kipusa, mwaka jana niliwasomea tu," akaniambia. "Nawaeleza watu waliuzwa kama vyombo, wao wanapiga miayo. Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula. Mwaka huu wanahisi."

"Wanahisi nini?"

"Wanahisi ule mfumo wenyewe! Mpaka wameanza kujitungia sheria zao. Nimewaacha makusudi. Ijumaa utaona, utanishukuru."

"Mwalimu, mtoto haruhusiwi kukaa."

Akasita. "Baada ya Ijumaa nitawakalisha tuzungumze yote. Nimeshapanga."

Nikapanda kwa mwalimu mkuu. Alinipa kiti, akanisikiliza, akaniambia mzazi ndiye nguzo ya shule, kisha akanisindikiza kwa heshima zote mpaka getini.

Jioni nikamweleza nesi alipokuja kumchukua mwanawe. Macho yake mekundu kwa zamu. "Nimemwambia nitamtoa," akasema. "Amenishika miguu. Anasema akitoka yeye, atakuwa ameharibia darasa zima."

Basi nikabaki na mdomo wangu.

Alhamisi uvumilivu ulinishinda. Nikaacha nguo kwenye kamba, nikaenda kuwapokea njiani. Kicheko huyo anakuja na mabegi mawili, mkanda umemchuna bega. Nikayavua yote mawili, nikayabeba mwenyewe.

"Kwangu hakuna mtu wa mtu," nikasema.

Kicheko alitabasamu kidogo. Nilifurahi kama nimepewa zawadi.

Lakini Kipusa alining'ang'ania gauni. "Mama, mrudishie! Mrudishie begi, anatuona!"

"Nani?"

Ng'ambo ya barabara, juu ya ukuta wa nyumba yao, alikaa mtoto wanayesoma naye. Wanamwita Jenereta, kwa sababu akiongea hata aliye bafuni anasikia. Siku hiyo alikuwa kimya. Ananing'iniza miguu, anatutazama.

"Mwache aone," nikasema. "Labda atajifunza adabu."

Ijumaa tukaitwa wazazi. Tulikalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yamegusa videvu. Nesi alikuja na sare yake ya kazi, akakaa kando yangu. Mwalimu amevaa shati nililompigia pasi mimi, amejaa furaha.

Nikamtafuta Kipusa. Yuko peke yake kwenye dawati, kichwa chini.

Nikamtafuta Kicheko.

Alikuwa nyuma ya darasa, chini ya dawati la Jenereta, anamfuta viatu kwa pindo la sketi yake.

"Mwalimu!" Nilisimama, kiti kikainuka na mimi. "Kwa nini yuko kule?"

Jenereta ndiye aliyejibu, kwa sauti yake ile ya kusikika mpaka bafuni. "Ni sheria tuliyoweka. Mwenye mtu asipomfanyisha kazi ananyang'anywa, anauzwa tena. Jana hakubeba begi. Mimi niliona, leo asubuhi nikasema, nikamnunua."

Nikakaa tena, sijui hata kama kiti kilikuwa pale.

Kumbe ndiyo maana Kipusa alichungulia dirishani kwanza. Dirisha langu linatazamana na ukuta wa akina Jenereta. Kumbe kila amri aliyoitoa mwanangu ilikuwa ya kuonekana tu, ili mwenzake asichukuliwe. Jenereta ndiye aliyeshindana naye bei siku ya mnada. Kipusa alimaliza vizibo vyote kumkwepesha rafiki yake na mikono ile, na tangu siku hiyo akawa analipia kwa kumtuma.

Nami kwa huruma yangu nikabeba mabegi.

Nesi alikuwa ameshafika nyuma, amemwinua binti yake. Mwalimu akapiga makofi. "Basi! Mchezo umeisha! Wote mko huru!"

Jenereta akanyoosha mkono. "Na vizibo vyangu, mwalimu? Si nitarudishiwa?"

Na mwalimu, kwa mazoea tu, kwa kuwa ni mtu wa haki, akachukua kopo la vizibo, akaanza kumhesabia.

Katikati mkono ukamkwama. Akamtazama Kicheko. Kwenye kopo lile hakukuwa na kitu chochote cha kumpa yeye.

Mwalimu akakaa kwenye kiti cha mtoto, akafunika uso. Nilitamani nimchukie, nikashindwa.

Nje, Kipusa akamkimbilia mwenzake. "Kicheko, nilikununua ili nikuokoe! Nilitoa vyote!"

Kicheko akamtazama.

"Najua," akasema. "Lakini ulininunua."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningemshukuru Mungu. Mimi na nesi tulisimama pale, watu wazima wawili. Yeye anajua kufunga vidonda, mimi najua kutoa madoa, na hakuna kati yetu aliyejua afanye nini.

Jumatatu mwalimu aliwaomba watoto radhi mbele ya darasa, akamwomba Kicheko peke yake mbele ya mama yake. Sheria zote akazifuta ubaoni. Nasikia sasa anawafundisha kwa kuzungumza nao, na mtoto akiinua mkono anaachwa aulize mpaka amalize.

Najua kuna watakaosema mambo haya watoto wasifundishwe kabisa. Sikubaliani nao. Wafundishwe, kwa kadiri ya umri wao, na bila kudanganywa. Waambiwe walioibwa walikuwa na mama zao, na utani wao, na majina waliyopewa kwa furaha. Waambiwe walikataa, walitoroka, walifichana. Mtoto akilia ashikwe mkono, na akinyamaza aulizwe.

Lakini mtoto usimpe bei, hata ya kizibo cha soda. Na mwenzake usimpe vizibo vya kumnunulia. Nukta kwenye karatasi inafutika, mimi mwenyewe ningeitoa. Hii nyingine sijapata sabuni yake.

Kicheko bado anashinda kwangu. Siku hizi anakaa kwenye kiti, anakunywa chai, na mara moja moja anacheka. Begi lake haliweki chini. Analipakata mpaka mama yake aje.

Kila wakitoka shule, Kipusa anamuuliza, "Leo nikubebee mimi?"

Kila siku Kicheko anajibu, "Hapana, asante."

Nami nipo dirishani na pasi yangu, nawaona wanakuja, kila mtu na begi lake, na nafasi katikati yao ya kupita mtu mzima.